Luninga ya kibanda cha gemu: Tazama wati kabla ya inchi

KISIWA cha Rukuba kipo ndani ya Ziwa Victoria, katika Kata ya Etaro, Musoma Vijijini mkoani Mara. Kama vilivyo visiwa vingine vya ziwa hilo, maisha ya hapo hufuata samaki. Dagaa, sangara na sato ndio huamua nani ana fedha wiki hii na nani anakopa.

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza kwa kutumia taa. Mbalamwezi inapokuwa kali, dagaa hawakusanyiki kwenye taa kama kawaida, hivyo wavuvi wengi huacha mitumbwi ufukweni na kupumzika kwa siku kadhaa. Hapo ndipo mialo hujaa vijana wasio na kazi ya usiku, na ndipo biashara ndogo ndogo za burudani hupata wateja.

Mojawapo ya biashara hizo ni kibanda cha gemu. Mtaji wake si mkubwa kama wa mtumbwi na nyavu, haihitaji shamba, na bidhaa yake haiozi. Kinachohitajika ni mashine ya kuchezea, pedi mbili, benchi, umeme na luninga.

Wengi wanaoingia katika biashara hii huijua mashine vizuri. Wakifika dukani huuliza kwa jina kama ni PlayStation 2, 3 au 4. Luninga, hata hivyo, hununuliwa kwa macho. Mteja huingia dukani, huangalia ipi ni kubwa na ipi ina rangi za kuvutia, kisha hulipa kulingana na fedha iliyobaki mfukoni.

Kwa mtu wa mjini mwenye umeme wa gridi, kosa hilo huweza kuvumilika. Kwa mtu wa kisiwani anayetegemea sola, huweza kufunga kibanda kabla mtaji haujarudi. Luninga ya biashara ya gemu inapaswa kuchaguliwa kwa mpangilio ulio kinyume na ule uliozoeleka: kwanza umeme inaoutumia, pili kasi ya picha yake, tatu matundu yaliyo nyuma yake, na mwisho kabisa ukubwa wake.

Mashine ndiyo inayotangulia

Kabla ya kuuliza bei ya luninga, mjasiriamali anatakiwa kujua atatumia mashine gani, kwa kuwa ndiyo inayoamua luninga ya aina gani inafaa.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na utengenezaji wake ulisitishwa mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Hutoa picha kwa waya wa AV, ule wenye vichwa vya rangi ya njano, nyekundu na nyeupe. Gemu ya mwisho ya mfululizo wa FIFA kutengenezwa kwa ajili yake ilikuwa FIFA 14, mwaka 2013.

PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006. Hii ina njia mbili, yaani waya wa AV na waya wa HDMI. FIFA 19 ya mwaka 2018 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake. PlayStation 4 iliyotoka mwaka 2013 ina tundu la HDMI pekee, hivyo haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na luninga ya zamani yenye matundu ya AV tu.

Maana yake ni kwamba mwenye PlayStation 2 anaweza kuanza na luninga ya bei ya chini kabisa. Mwenye PlayStation 4 hana namna, ni lazima atafute yenye HDMI.

Saa moja inayopotea kila usiku

Visiwani wengi hupata umeme kutokana na jua. Baadhi ya visiwa vimepata mitandao midogo ya umeme wa jua, kama ilivyokuwa Ukara wilayani Ukerewe kuanzia mwaka 2016. Lakini kwa mwenye kibanda anayetegemea paneli na betri yake mwenyewe, kila wati inayotumiwa na luninga ni muda unaoondolewa kwenye biashara.

Tuchukue mfano wa betri ya kawaida ya sola, ile ya maji au jeli, yenye ukubwa wa Ah100 na volti 12. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati 1,200 kwa saa moja. Hata hivyo, betri ya aina hiyo ikimalizwa kabisa kila siku hufa mapema, hivyo inashauriwa itumike nusu tu. Umeme wa kufanyia biashara unabaki wa wati 600 kwa saa moja.

Sasa tuseme kibanda kina PlayStation 3 ya aina nyembamba inayotumia kama wati 80 ikiwa kazini, na luninga ya LED ya inchi 32 inayotumia wati 40. Jumla ni wati 120. Inveta, ambayo hugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, nayo hula sehemu yake. Tukikadiria hasara ya asilimia 15, betri inatoa kama wati 141. Ukigawa 600 kwa 141 unapata saa nne na robo.

Mwenye kibanda akiamua kununua luninga ya inchi 43 inayotumia wati 80, jumla inakuwa wati 160, na betri inatoa kama wati 188. Muda unashuka hadi saa tatu na dakika 10 hivi.

Aliyefungua saa 1:00 usiku kwa luninga ndogo atafunga saa 5:15. Aliyefungua muda huo huo kwa luninga kubwa atazimikiwa saa 4:10, wakati wateja bado wamejaa kwenye benchi.

Saa hiyo moja ina thamani yake. Mechi ya dakika sita kila kipindi, pamoja na kuchagua timu, marudio ya mabao na kubadilishana pedi, huchukua karibu robo saa. Hizo ni mechi nne kwa saa. Kama mechi moja ni Sh500, saa moja ni Sh2,000. Kwa usiku 25 katika mwezi, luninga kubwa imemnyima mwenye kibanda Sh50,000, mbali na bei ya juu aliyolipa dukani.

Wati za luninga zimeandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma yake. Kiasi kinachoandikwa hapo mara nyingi ni cha juu kabisa, na matumizi halisi huwa chini yake, hasa mwanga wa kioo ukipunguzwa. Kibanda chenye giza usiku hakihitaji mwanga wa asilimia 100. Kuupunguza hadi nusu huokoa umeme na pia hurefusha maisha ya taa zilizo nyuma ya kioo.

Zipo pia luninga ndogo, kwa kawaida za inchi 19 hadi 32, zinazotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupitia inveta. Kwa mtu wa sola hizi ni za kufikiriwa kwa uzito, maana huepuka ile hasara ya inveta kwa upande wa luninga. Hata hivyo, ni vyema muuzaji aeleze volti ya juu kabisa inayoruhusiwa. Betri inapochajiwa mchana huweza kupanda hadi volti 14 na zaidi, na luninga isiyohimili kiasi hicho huungua.

Kwa upande wa paneli, kurudisha wati 600 zilizotumika usiku kunahitaji paneli ya wati 200 hivi yenye kupata jua la kutosha kwa saa tano. Aliye na paneli ndogo kuliko hiyo asidanganywe na hesabu ya betri, kwa sababu betri haitoi kisichoingia.

Pedi nzito, au luninga nzito?

Jambo la pili ndilo lisilojulikana na wengi, wakati ndilo linalofukuza wateja.

Mchezaji anapobonyeza pedi, mashine hupokea amri na kutengeneza picha, kisha luninga huipokea picha hiyo na kuionyesha. Luninga bapa za kisasa haziionyeshi picha kama ilivyofika. Huisafisha kwanza, hukoleza rangi, hulainisha mwendo na kuinyoosha ijae kwenye kioo. Kazi hiyo yote huchukua muda.

Muda huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000. Mashine ikitoa picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde 17 hivi. Luninga inayochelewesha kwa milisekunde 100 iko nyuma ya mchezo kwa picha sita. Kwa anayetazama taarifa ya habari hilo si kitu. Kwa anayetaka kukaba mpira ndani ya boksi, ni penalti.

Wateja hawasemi kwamba luninga inachelewa. Husema pedi ni nzito. Mwenye kibanda hununua pedi mpya, malalamiko yanaendelea, ananunua nyingine, na mwisho wateja wanahamia kibanda cha jirani chenye luninga ndogo na kuukuu lakini yenye kasi.

Dawa yake katika luninga nyingi ipo kwenye rimoti. Katika menyu ya picha kuna chaguo lenye neno Game. Likichaguliwa, luninga huacha sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha picha na kuipeleka kwenye kioo haraka. Tofauti huweza kuwa kutoka zaidi ya milisekunde 100 hadi chini ya 30. Kwa baadhi ya luninga, kulipa tundu la HDMI jina la PC kwenye menyu huleta matokeo yanayofanana na hayo.

Luninga isiyo na chaguo hilo si lazima iwe mbaya. Baadhi ya zile za bei nafuu zina kazi chache za kusafisha picha, na kwa sababu hiyo huwa na kasi ya kuridhisha. Zipo nyingine ambazo ni nzito bila ya njia ya kuzirekebisha. Sura ya nje haiwezi kuonyesha ipi ni ipi, hivyo njia pekee ni kuijaribu.

Njia ya kwanza ya kujaribu ni kwenda dukani na mashine yako, pedi yako na gemu unayoifahamu. Cheza dakika tano, piga pasi za haraka, kisha zima na uwashe lile chaguo la Game ili uone tofauti. Muuzaji anayekataa mteja asijaribu bidhaa ya mamia ya maelfu ya shilingi amejieleza mwenyewe.

Njia ya pili ni kutumia simu yenye kamera ya kupunguza mwendo. Simu nyingi za kisasa hupiga picha 120 au 240 kwa sekunde. Rekodi kidole kwenye pedi na kioo cha luninga kwa pamoja, bonyeza, kisha hesabu picha zilizopita tangu kidole kilipobonyeza hadi mchezaji alipotikisika. Kwa kamera ya picha 240, kila picha ni milisekunde nne hivi. Hesabu hiyo hujumlisha na muda wa mashine yenyewe, hivyo maana yake hupatikana pale zinapolinganishwa luninga mbili kwa mashine na gemu ileile.

Chogo bado ana kazi

Luninga za zamani, zile zenye mgongo mrefu ambazo wengi huziita chogo, zilianza kuachwa kwa wingi baada ya nchi kuhamia matangazo ya dijitali. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, na kuanzia hapo chogo kisicho na king'amuzi hakikupata tena chaneli hizo.

Lakini gemu haiji kwa antena. Huingia kwa waya wa AV, kwa hiyo kwa kazi hiyo chogo hakihitaji king'amuzi.

Zaidi ya hapo, chogo cha kawaida huchora picha papo hapo jinsi inavyofika. Ndiyo maana PlayStation 2 iliyounganishwa na chogo huonekana nyepesi mkononi kuliko ikiunganishwa na luninga bapa. Luninga bapa ikipokea picha ya zamani kupitia waya wa njano hulazimika kuibadilisha kwanza, na mabadiliko hayo huongeza kuchelewa.

Ubaya wa chogo ni umeme na uzito. Cha inchi 21 huweza kutumia wati 75 au zaidi, wakati luninga ya LED ya inchi 24 hutumia kama 25. Kwa betri ileile ya mfano wetu, chogo pamoja na PlayStation 2 ndogo ya wati 35 hufanya kazi kwa saa nne na nusu hivi. LED ya inchi 24 na mashine hiyo hiyo huenda hadi saa nane na nusu.

Kwa hiyo chogo kinamfaa mwenye umeme wa gridi au jenereta ya pamoja na mtaji mdogo sana. Kwa mwenye betri moja, bei nafuu ya chogo hulipwa tena kila usiku. Ikumbukwe pia kwamba ndani ya chogo hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi. Kisifunguliwe na mtu asiye fundi, wala kisivunjwe na kutupwa ziwani.

Maandishi ya kwenye boksi

Boksi la luninga limejaa maneno ya kuvutia, na mengi hayamhusu mwenye kibanda cha gemu.

Neno 4K humaanisha kioo chenye vinukta vingi mara nne kuliko Full HD. Gemu nyingi za PlayStation 3 hutengenezwa kwa kiwango cha 720, na za PlayStation 4 ya kawaida hazizidi 1080. Anayelipia 4K kwa ajili ya mashine hizo analipia kitu ambacho mashine yake haikitoi. Kwa inchi 32, kioo cha HD cha kawaida kinatosha.

Maneno ya luninga janja nayo ni mazuri kwa nyumba yenye intaneti. Kibandani huongeza bei, na huweza kuifanya luninga ichukue muda mrefu kuwaka. Namba kubwa kubwa za mwendo wa picha, kama 200 au 400, kwenye luninga ya bei nafuu mara nyingi hutokana na zile zile kazi za kulainisha picha zinazoleta kuchelewa.

Kinachostahili kuangaliwa ni matundu. Iwe na HDMI mbili ikiwezekana, kwa kuwa moja ikilegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku, nyingine itaokoa biashara. Mwenye PlayStation 2 ahakikishe kuna tundu la AV, maana baadhi ya luninga mpya hazina au zina tundu dogo linalohitaji waya wake maalumu. Tundu la kutolea sauti nalo lina faida pale spika ndogo za luninga zinapozidiwa na kelele za mashabiki.

Kuhusu ukubwa, wachezaji wawili wanaokaa mita moja na nusu kutoka kwenye kioo huona vizuri kwa inchi 32. Kipimo hicho huchukuliwa kutoka kona hadi kona ya kioo chenyewe, bila fremu. Inchi 24 ni sentimita 61, inchi 32 ni sentimita 81, na inchi 43 ni sentimita 109. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kuumbua boksi lililoandikwa 32 wakati kioo kilichomo ni kidogo zaidi.

Aidha, kioo kitazamwe pia kutoka pembeni. Kibandani hakuna anayekaa katikati. Wachezaji hukaa kushoto na kulia, na wanaosubiri zamu husimama pembeni zaidi. Kioo kinachopauka kikitazamwa kwa upande kitampa mmoja sababu ya kukataa matokeo.

Mpya au mtumba

Luninga za mtumba zina wateja wengi, na si zote ni mbovu. Tofauti ni kujua kipi kinatengenezeka.

Taa za nyuma ya kioo zikifa, fundi huweza kuzibadili. Kadi ya umeme nayo hutengenezeka. Lakini kioo chenyewe kikipasuka au kuwa na mistari, gharama ya kingine hukaribia au hata kuzidi bei ya luninga nzima.

Kwa hiyo anayenunua mtumba aiwashe kwa muda usiopungua nusu saa, kwa kuwa kuna hitilafu zinazojitokeza baada ya luninga kupata joto. Aweke picha nyeupe kioo kizima na kutafuta madoa meusi, kisha picha nyeusi na kutafuta nukta zinazong'aa. Atikise taratibu kila waya kwenye tundu lake kuona kama picha inakatika. Akague pia kama rimoti ipo, kwani bila ya hiyo lile chaguo la Game huenda lisifikike.

Kwa luninga mpya, jambo la msingi ni risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyoandikwa namba ya luninga, tarehe na mhuri wa duka. Mnunuzi aulize mambo mawili kabla ya kulipa: dhamana inahusu nini, na matengenezo yanafanyika wapi. Dhamana ya mwaka mmoja ambayo fundi wake yuko Dar es Salaam haina uzito uleule kwa mtu wa Rukuba kama ile ambayo fundi wake yuko Musoma au Mwanza.

Hesabu huonyesha kwa nini. Tuseme luninga imegharimu Sh350,000, na kibanda kikishatoa gharama nyingine hubakiza Sh3,000 kila usiku. Inahitajika usiku 117 kurudisha fedha hiyo, yaani karibu miezi mitano ya usiku 25. Luninga ikifa mwishoni mwa mwezi wa tatu bila dhamana, Sh125,000 hazijarudi, na kibanda kimefungwa.

Hatari ya mwisho ipo majini

Luninga iliyochaguliwa vyema Musoma bado ina safari ya kuvuka ziwa kwa boti. Kioo bapa ni chembamba na hakivumilii uzito wala kulazwa. Kisafirishwe ndani ya boksi lake na povu lake, kikiwa kimesimama, na kifungwe kwa nailoni dhidi ya mawimbi. Kisiwekwe chini ya magunia wala kutumiwa kama kiti.

Aliyenunua mtumba usio na boksi aombe boksi tupu dukani na kuzungushia blanketi. Baada ya kufika, luninga iliyopata unyevu iachwe ikauke kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Ndani ya kibanda, luninga ifungwe ukutani kwa chuma chake au iwekwe kwenye kabati lenye wavu, juu ya usawa wa mikono. Aliyefungwa bao la dakika ya mwisho hurusha pedi bila kuangalia inakoelekea. Matundu ya hewa yasizibwe, na yapanguswe mara kwa mara, kwani wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku na kujazana humo.

Kibanda pia kiwe na leseni ya biashara kutoka halmashauri, na watoto wasiruhusiwe saa za masomo. Wateja wakianza kuwekeana fedha kwa anayeshinda, hapo biashara imeanza kugusa mambo yanayosimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo huhitaji kibali kingine kabisa.

Kwa mjasiriamali wa Rukuba mwenye betri moja ya Ah100 na PlayStation 3, chaguo lenye usalama ni LED ya inchi 32 au chini ya hapo, isiyozidi wati 40, yenye HDMI mbili, iliyojaribiwa kwa pedi mkononi na yenye dhamana inayofikika. Mwenye PlayStation 2 anaweza kushuka hadi inchi 24 yenye tundu la AV, mradi aijaribu kwa waya huo wa njano kabla ya kulipa. Fedha itakayobaki inafaa kuongezwa kwenye betri au paneli badala ya inchi, kwa sababu mteja hulipia mechi anazocheza, na mechi huisha umeme unapoisha.